Kompyuta mpakato ya kuediti picha: ThinkPad T480, MacBook Air M1, Legion 5 Pro au MacBook Pro 14?

Mpiga picha akishaanza kupata kazi za harusi na sendofu, simu haimtoshi tena kuediti. Anaingia Kariakoo, au Luthuli Avenue kama yuko Nairobi, na swali la kwanza linalomtoka ni "Hii ni i7?" Muuzaji anaitikia, wanavutana bei, mashine inaingia kwenye begi. Kioo hakuna aliyekiangalia.

Kwa kazi yetu, kioo ndicho cha kuanzia. Prosesa ikiwa ndogo utasubiri, lakini picha itatoka vilevile. Kioo kikiwa kibovu unakosea bila kujua, na kosa unaliona siku albamu inarudi kutoka kuchapishwa: uso wa bibi harusi umekuwa mwekundu, na suti ya bwana harusi imekuwa doa jeusi lisiloonyesha kola wala mshono. Ndiyo maana hapa kioo kinatangulia, RAM na diski vinafuata, na prosesa nimeiweka nyuma makusudi.

Mashine zenyewe ni nne, na zote zinapatikana kwa mtumba katika miji yetu. ThinkPad T480 ya 2018 ndiyo ya bei ya chini kabisa. MacBook Air yenye M1, prosesa ya Apple yenyewe, iliyotoka Novemba 2020, inafuata. Juu yake kuna mbili ambazo ni za mfuko mzito zaidi: Lenovo Legion 5 Pro ya 2021, mashine ya wacheza gemu, na MacBook Pro ya inchi 14 yenye M1 Pro, ya Oktoba 2021. Bei zenyewe siziandiki kwa sababu zinakwenda na dola na mzigo ulioingia kutoka Dubai. Ya leo si ya mwezi ujao.

| | ThinkPad T480 | MacBook Air M1 | Legion 5 Pro | MacBook Pro 14 |
|---|---|---|---|---|
| Kioo | inchi 14, nyingi 1920 × 1080 | inchi 13.3, 2560 × 1600 | inchi 16, 2560 × 1600 | inchi 14.2, 3024 × 1964 |
| Mwanga (kipimo chake ni niti) | nyingi niti 250 | niti 400 | hadi niti 500 | niti 500 |
| Rangi (sRGB na P3 ni vipimo vya upana wa rangi) | sehemu tu ya sRGB | P3 | sRGB yote | P3 |
| RAM | hadi GB 32, unaongeza mwenyewe | GB 8 au 16, imechomelewa | nafasi mbili, unaongeza mwenyewe | GB 16 au 32, imechomelewa |
| Tundu la kadi ya SD | lipo | halipo | halipo | lipo |
| Uzito | kama kilo 1.6 | kilo 1.29 | kama kilo 2.5 | kilo 1.6 |

Kioo

Ukisoma sifa za kompyuta mtandaoni utakutana na maneno "45% NTSC". Hapo simama kwanza. Kioo cha namna hiyo kinaonyesha asilimia 60 na kidogo tu ya rangi za sRGB, na sRGB ndiyo kipimo cha kawaida cha picha za mtandaoni na cha studio nyingi za kuchapisha. T480 nyingi zimefungwa kioo hicho. Kinachoumiza zaidi ni kwamba hata mashine za gemu za bei ya kati zinacho: ASUS TUF Gaming A15 katika matoleo yake mengi, na HP Victus 15 nyingi pia. Unalipia GPU, chipu ya michoro, yenye nguvu, halafu unaletewa kioo cha kuandikia barua.

Chukua picha ya shangazi wa bibi harusi aliyevaa kitenge chekundu. Kwenye kioo hicho wekundu unapooza, unaelekea rangi ya tofali. Unasogeza kitelezi cha rangi mpaka kitenge kichangamke. Kwako sasa kimekaa sawa. Kwenye simu ya mteja kitenge kinawaka, mikunjo ya kitambaa imepotea, na kwa kuwa ngozi zetu zina wekundu na manjano mengi ndani yake, uso nao umevutwa pamoja na kitambaa ukawa wa rangi ya chungwa. Taa za zambarau ambazo kumbi zetu zinazipenda ni balaa jingine: buluu imeshiba kwenye shavu mpaka umbo la uso limekufa, na kioo dhaifu hakikuonyeshi mahali lilipofia.

MacBook zote mbili hapa zina kioo cha P3, kipana kuliko sRGB. Faida yake naipima kwa simu za wateja. iPhone zimekuwa na rangi za P3 tangu iPhone 7 ya 2016, na simu nyingi za Android za bei ya juu zimefuata. Maana yake unachokiona kwenye Air kinakaribiana sana na anachokiona bibi harusi akifungua picha zake kitandani asubuhi ya pili. Legion 5 Pro yenye sRGB kamili inatosha kwa harusi, mtandao na albamu. Sitamwambia mtu aikatae kwa sababu ya P3. Ukubwa wake wa inchi 16 ni raha ya kweli unapochambua picha elfu moja na mia kadhaa ili ubaki na mia nne.

Neno kuhusu mwanga, maana hapa watu wengi wanalaumu mchapishaji bure. Niti 500 zinakusaidia ukiwa kwenye hema au karibu na dirisha. Ndani ya chumba chenye taa ya kawaida, ukiacha kioo kimewaka mpaka mwisho, picha zote zitaonekana angavu, utazishusha mwanga, na zitachapishwa zikiwa na giza. Kwa kazi ya kuchapisha watu wa rangi hushusha kioo hadi niti kati ya 80 na 120. Kwa hiyo kioo cha niti 250 hakikupotezi kwa mwanga ukiwa ndani. Kinakupoteza kwa rangi.

Na T480 ndiyo imekufa hapo? Hapana. Toleo lake la 1920 × 1080 lisilo la kugusa linatumia waya wa pini 30, na fundi anayejua kazi anaweza kufunga kioo kingine cha inchi 14 chenye niti 400 na sRGB yote. Njia ninayoipenda zaidi kwa mwenye chumba cha kazi ni kununua kioo cha mezani cha mtumba. Dell UltraSharp U2415, kwa mfano, ni cha inchi 24, 1920 × 1200, na kinaonyesha asilimia 99 ya sRGB. Vioo vya aina hii hutoka maofisini vikiwa bado vizima. T480 pamoja na kioo kama hicho vinaweza kukupa mahali pazuri pa kuediti kuliko Victus mpya kabisa, tena kwa pesa pungufu. Ubaya wake ni mmoja: umeme ukikatika, kompyuta inabaki na kioo kinazimika.

RAM na diski

Hapa kosa halirekebishiki kwenye Mac. RAM na diski vimechomelewa kwenye bodi, ulichonunua ndicho utakachozeeka nacho. Air M1 ya GB 8 inafungua Lightroom, programu ya Adobe ya kuediti, na inaediti, lakini ukifungua na Photoshop, na kivinjari chenye WhatsApp, mashine inaanza kutumia SSD, yaani diski yake, kama RAM ya kuazima na mikono yako inaanza kusubiri. Ya GB 16 ni ngumu kuipata mtaani kwa sababu watu wengi walinunua ya kawaida. Ukiipata, ongeza pesa uichukue, hata kama imekwaruzwa mgongoni. Adobe yenyewe inapendekeza GB 16.

Diski ni hesabu ya moja kwa moja. Sony A7 III, kamera iliyojaa katika harusi zetu, inatoa faili ya RAW, yaani picha ghafi, isiyobanwa ya takriban MB 47. Picha 2,000 za harusi moja ni kama GB 94. Air ya GB 256, ukitoa mfumo na programu, inabeba harusi moja kwa raha na ya pili kwa kubanana. Kwa hiyo anayenunua Air ndogo ahesabu na SSD ya nje tangu mwanzo. Ukitumia faili zilizobanwa ukubwa unashuka karibu nusu, na kwa harusi sioni sababu ya kutofanya hivyo.

Kwenye T480 na Legion unanunua RAM na SSD kadri pesa inavyoingia. Kwa mpiga picha ambaye kipato chake ni cha msimu, kikipanda Desemba na kukauka wakati wa Ramadhani na Kwaresima, hili lina uzito kuliko linavyoonekana kwenye jedwali.

Kadi nazo zina hesabu yake. Tundu la MacBook Pro 14 linasoma kadi za UHS-II, aina ya kasi zaidi, kwa kasi ya hadi MB 250 kwa sekunde. Kadi ya GB 64 iliyojaa inashuka kwa dakika nne na ushee, mradi kadi yenyewe nayo ni UHS-II. Kadi ya kawaida ya UHS-I itachukua zaidi ya dakika kumi. Kisoma kadi cha bei rahisi cha USB 2.0 kitakuweka nusu saa. Wenye Nikon Z6 II au Canon R5 wanaotumia kadi za CFexpress, ambazo haziingii kwenye tundu la SD, watabeba kisoma kadi chao hata wakinunua Mac ya bei gani.

Kasi, na ile kazi ya kuondoa chenga

Kwa kuchambua, kurekebisha mwanga na rangi, na kuekspoti JPEG, Air M1 inaiacha T480 mbali, na inafanya hivyo kimyakimya kwa sababu haina hata feni. Kutokuwa na feni kuna gharama yake Februari mchana: ukiekspoti mamia ya picha mfululizo inapata joto na kupunguza kasi. Iinue juu ya kitu ili hewa ipite, usiiweke juu ya mto wala kitanda.

Mgawanyiko mkubwa ulikuja Aprili 2023, Adobe ilipoingiza Denoise ya akili mnemba kwenye Lightroom Classic. Anayepiga ndani ya ukumbi wenye giza kwa ISO 6400 anajua thamani yake. Picha iliyojaa chenga inarudi safi kiasi cha kuchapishwa kubwa. Kazi hiyo inafanywa na GPU. Legion yenye RTX 3060 au 3070 inamaliza picha moja kwa muda wa kuvuta pumzi kadhaa. MacBook Pro inafuata nyuma, Air inasubirisha zaidi. T480 yenye GPU ya Intel ya ndani inaweza kukaa dakika nyingi kwa picha moja, maana yake kwa harusi nzima usiifikirie. Kama kazi yako ni ya usiku na kumbi, na Denoise unaipitisha kwa mamia ya picha kila wiki, hapo tu ndipo ninapoona Legion inashinda bila ubishi.

Mwenye T480 ana njia ya kupunguza uzito. Lightroom Classic inaweza kutengeneza nakala ndogo za picha, inaziita Smart Previews, zenye upande mrefu wa pikseli 2540, na kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuiambia itumie nakala hizo wakati wa kuediti badala ya faili kubwa. Ziache zitengenezwe usiku. Asubuhi vitelezi vinasogea bila kukwama, na ubora unarudi kamili wakati wa kuekspoti kwa sababu hapo inasoma faili zenyewe.

Umeme na safari

Ukiwa na kazi Iringa leo na Moshi wikiendi ijayo, kilo na chaja vinakuwa hoja. Air inachajiwa na chaja ya wati 30. Pawabenki ya USB-C inatosha, hata chaja nzuri ya gari inatosha. Unaweza kuchambua harusi nzima ndani ya basi. T480 ina betri mbili, moja ndani na nyingine nyuma inayochomoka mashine ikiwa inaendelea kuwaka. Ukibeba ya akiba, unabadilisha na kazi inaendelea. Nayo inachaji kwa USB-C.

Legion chaja yake ya wati 300 ni tofali, na ukiitoa kwenye umeme GPU inashushwa nguvu mno, kwa hiyo faida uliyoilipia inapotea pale umeme unapokatika. Kwa mtu mwenye studio, jenereta au sola ya uhakika, si tatizo. Kwa anayefanya kazi nyumbani mahali ambapo umeme unakatika jioni, ndiyo sababu tosha ya kuiacha.

Dukani

Nenda na flashi yenye picha zako tatu za JPEG: bibi harusi kwenye shela nyeupe, bwana harusi kwenye suti nyeusi, na mtu aliyevaa kitenge chenye rangi kali. Zifungue, uweke na simu yako pembeni ikiwa na picha hizohizo. Kwenye Mac zima True Tone, kwenye Windows zima Night light, la sivyo unalinganisha njano iliyoongezwa na mashine. Tazama nakshi za shela, zihesabike. Tazama kola ya suti, itengane na kifua. Kisha sukuma kioo nyuma na ukivute mbele ukiitazama suti tu. Kama weusi unageuka kijivu au unameza kila kitu, kioo hicho ni cha TN, aina ya bei rahisi, au ni kibaya, kirudishe. EliteBook za HP zilizotoka maofisini nyingine zina Sure View, kioo cha faragha kilichotengenezwa makusudi kisionekane pembeni. Ni kizuri kwa mhasibu, hakifai kwa picha.

Kwenye Mac, fungua taarifa za mfumo, sehemu ya umeme, usome idadi ya mizunguko ya betri. Apple imezipangia mizunguko 1,000. Halafu mwambie muuzaji aifute mashine na kuiwasha upya mbele yako ikiwa imeunganishwa intaneti. Kompyuta nyingi za mtumba zilikuwa mali ya kampuni au shule za nje, na zile ambazo bado zimefungwa hujitambulisha hapo: unaletewa ukurasa wa usimamizi wa mbali, au inadaiwa akaunti ya Apple ya mtu usiyemjua. Muuzaji akikataa kufanya hivyo, ondoka. Kwenye ThinkPad, bonyeza F1 wakati inawaka. Ikikudai nenosiri, hiyo nayo achana nayo. Betri ya Windows unaipima kwa kuandika `powercfg /batteryreport`, inakupa uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wa sasa.

Kuna mashine mbili ambazo bei yake inavutia na sizipendekezi kabisa. Ya kwanza ni MacBook Pro za Intel za 2016 hadi katikati ya 2019. Kibodi zake za vipepeo zilisumbua hadi Apple ikaanzisha mpango wa kuzitengeneza bure, na macOS Tahoe ya 2025 ndiyo ya mwisho kupokea Mac yoyote ya Intel. Ya pili ni ThinkPad T470, ndugu wa T480 anayefanana naye kwa nje. Prosesa zake ni za kizazi cha saba na cha sita, Windows 11 haizipokei rasmi, na msaada wa Windows 10 ulisimamishwa tarehe 14 Oktoba 2025. Soma namba iliyo baada ya kistari: ya i5-8250U inaanza na 8, hiyo imo. Inayoanza na 7 au 6, hapana.

Ningenunua ipi

Kwa mpiga picha wa harusi anayezunguka, asiye na ofisi, mwenye pesa ya kati: Air M1 ya GB 16, na SSD ya nje. Sioni kingine chenye kioo hicho, betri hiyo na uzito huo kwa bei inayokaribia hiyo. Akikosa ya GB 16, ningemshauri avumilie miezi kadhaa badala ya kuchukua ya GB 8, isipokuwa kama kazi yake ni ya Lightroom peke yake.

Anayeanza na hana pesa achukue T480 yenye i5, aweke RAM GB 16, na pesa inayobaki yote iende kwenye kioo cha mezani. Asishawishike kupanda hadi i7. Kama hata malipo ya Adobe ni mzigo, darktable ni bure na inasoma RAW za kamera nyingi, ingawa inadai subira ya kujifunza.

Legion 5 Pro ni ya studio iliyotulia mahali pamoja, inayopiga usiku na inayoediti video pia. MacBook Pro 14 ndiyo bora kuliko zote nne, na ningeinunua kama picha ndiyo kazi inayolipa kodi ya nyumba na ada ya watoto. Kwa anayepiga harusi mbili kwa mwezi, tofauti yake na Air haitaonekana kwenye albamu.

Vyovyote utakavyochagua, tenga pesa ya kifaa cha kupimia rangi ya kioo, kile kidogo kinachoning'inizwa juu ya kioo kwa dakika chache, kama cha Calibrite au Datacolor Spyder. Wapiga picha watatu au wanne wanaoaminiana wanaweza kukichangia na kukizungusha, kila mmoja apime kioo chake mara moja kwa mwezi. Ukishapima, peleka picha moja tu kwa mchapishaji wako, ichapishwe ndogo, uiweke kando ya kioo chini ya mwanga wa mchana, kabla hujampelekea albamu nzima.